Kabla ya kuongeza megabiti, itazameni TCP

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo ambalo kurasa za teknolojia za magazeti yetu huligusa juu juu. Intaneti ikilalamikiwa, habari huishia kwenye megabiti: kampuni hii inatoa 20 kwa sekunde, ile inatoa 50, basi mwenye shida aongeze kifurushi. Shule zinaongeza, hospitali zinaongeza, ofisi za halmashauri zinaongeza, na mfumo uliokuwa ukizunguka unaendelea kuzunguka. Mara nyingi upana wa njia unatosha kabisa. Tatizo liko kwenye itifaki ya usafirishaji, yaani kanuni ambazo kompyuta mbili huzifuata ili data itoke upande mmoja ifike wa pili ikiwa kamili na kwa mpangilio wake. Kwa sehemu kubwa ya kazi za ofisi, itifaki hiyo ni TCP. Viungo vyake si vingi, na anayeilipia taasisi intaneti akivijua ataacha kununua asichokihitaji.

Msingi wa TCP uliwekwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika makala yao ya mwaka 1974. Maelezo rasmi yalitoka Septemba 1981 kwa jina la RFC 793, waraka mmojawapo wa viwango vya intaneti, na Agosti 2022 yakaandikwa upya, pamoja na masahihisho yaliyokusanyika kwa miaka yote hiyo, katika RFC 9293. Chini ya TCP ipo IP, itifaki inayopeleka data kutoka anwani hadi anwani kwa mafungu madogo yaitwayo pakiti, na IP haiahidi kitu: pakiti inaweza kupotea, kuchelewa, kufika mara mbili, au iliyotumwa nyuma kuitangulia ya mbele. Ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti njiani, ikijaa foleni huitupa pakiti kimyakimya. Uhakika wote tunaouona kwenye skrini hutengenezwa na TCP katika mashine mbili za mwisho. Ruta za njiani hazilazimiki kukumbuka lolote.

Kila kipande cha data hubebeshwa kichwa cha baiti 20, au hadi 60 kikiwa na nyongeza. Baiti nne za mwanzo ni namba mbili za poti, yaani mlango wa programu ndani ya kompyuta, ya mtumaji na ya mpokeaji, kila moja biti 16, ndiyo maana namba za poti huishia 65,535. Poti 443 ni ya tovuti zinazosimba mawasiliano, 22 ni ya mafundi wanaoingia kwenye seva kwa mbali. Anwani mbili za IP na poti hizo mbili ndizo utambulisho wa muunganisho. Kimoja kati ya hivyo vinne kikibadilika, kwa TCP huo ni muunganisho mwingine kabisa. Tutaona mbele jambo hili linavyowasumbua wenye simu. Kisha huja namba ya mfuatano na namba ya kukiri upokeaji, kila moja biti 32, halafu urefu wa kichwa, bendera, ukubwa wa dirisha, jumla ya uhakiki, na kielekezi cha dharura ambacho siku hizi karibu hakuna programu inayokigusa.

Wengi, hata waliosomea kompyuta, hudhani namba ya mfuatano huhesabu pakiti. Inahesabu baiti. Tuseme seva inatuma vipande vitano vya baiti 1,000 kila kimoja, ikianzia namba 1. Vipande vitakuwa na namba 1, 1001, 2001, 3001 na 4001. Cha pili kinapotea. Mpokeaji akiwa na cha kwanza anajibu: nasubiri 1001. Kinaingia cha tatu, anajibu tena: nasubiri 1001. Cha nne, 1001. Cha tano, 1001. Majibu matatu ya marudio yanatosha kumfanya mtumaji akitume upya kipande cha pili papo hapo, bila kungoja saa yake iishe. Kikifika, mpokeaji anarukia 5001 moja kwa moja, kwa sababu vile vitatu vya nyuma alikuwa ameviweka kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda. Namba moja ya kukiri huthibitisha kila baiti iliyoitangulia, na huo ni uchumi mzuri, ila vikipotea vipande kadhaa kwa pamoja mtumaji hawezi kujua ni vipi. Nyongeza ya SACK, iliyosanifishwa mwaka 1996, humwezesha mpokeaji kusema wazi kwamba amepata 2001 hadi 5000. Mwaka 2019 lilipogundulika pengo la usalama kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, wasimamizi wa seva walishauriwa kuizima SACK kwa muda kama hawakuweza kuweka kiraka mara moja. Kiraka kilishatoka. Seva ambayo SACK yake haijawahi kuwashwa tena inaumia bure kila pakiti zinapopotea, na kukagua ni suala la amri moja: sysctl net.ipv4.tcp_sack.

Kipande cha mwisho kikipotea hakuna cha nyuma yake cha kuleta majibu ya marudio. Hapo inabaki saa. Mtumaji hupima muda wa kwenda na kurudi, huchukua wastani unaoupa kila kipimo kipya uzito wa moja ya nane, kisha hujumlisha mara nne ya jinsi vipimo vinavyoyumba. Laini iliyotulia hupata saa fupi, inayoyumbayumba hupata ndefu. Kabla ya kipimo chochote saa huanza na sekunde 1, na kila kipande kisipojibiwa muda huongezwa maradufu: 1, 2, 4, 8. Ule ukurasa uliosimama kama sekunde 15 kisha ukafunguka ghafla, mara nyingi ulikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Muunganisho hufunguliwa kwa hatua tatu. Mteja anatuma SYN, pakiti ya kuomba kufungua, yenye namba yake ya kuanzia, iliyochaguliwa kwa namna ambayo mtu wa nje hawezi kuibashiri; seva inakiri na kutoa yake kwa SYN-ACK; mteja anakiri kwa ACK. Hiyo ni safari moja nzima kabla ya data yoyote, na tovuti yenye usimbaji wa TLS 1.3 huongeza nyingine. Kama seva iko umbali wa milisekunde 150 kwenda na kurudi, milisekunde 300 zimepita hata ombi halijatoka, na hakuna megabiti zinazoweza kuzipunguza. Ndani ya SYN ndimo pande mbili hukubaliana pia juu ya nyongeza: ukubwa wa kipande, SACK, mihuri ya muda, kizidisho cha dirisha. Kizidisho kisipotajwa hapo hakiwezi kuletwa baadaye, na madhara yake ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Dirisha ni kiasi cha data ambacho mpokeaji yuko tayari kupokea kabla ya mtumaji kupata kukiri. Nafasi yake kwenye kichwa ni biti 16, kwa hiyo bila kizidisho mwisho ni baiti 65,535. Mtumaji akishatuma hizo, hukaa akisubiri. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijawashwa Julai 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Chukua safari ya kwenda na kurudi ya sekunde 0.6: baiti 65,535 kwa kila sekunde 0.6 ni chini ya megabiti 0.9 kwa sekunde kwa muunganisho mmoja, hata kama taasisi imelipia laini pana namna gani. Kebo za baharini zimefupisha safari, lakini hesabu ni ileile. Kwa milisekunde 150, dirisha lisilozidishwa linatoa megabiti 3.5. Laini ya megabiti 100 kwa umbali huo inahitaji takriban megabaiti 1.9 ziwe njiani kwa wakati mmoja ili ijae. Kizidisho, kilichowekwa mwaka 1992, kinaweza kulipanua dirisha hadi karibu gigabaiti 1, ila vifaa vya zamani vya ulinzi wa mtandao hukifuta ndani ya SYN, na waandika programu huharibu kwa njia nyingine: wanajipangia ukubwa wa bafa kwa mpangilio wa SO_RCVBUF wakidhani wanasaidia, kumbe kwenye Linux kufanya hivyo huzima upimaji wa dirisha unaojirekebisha wenyewe.

Namna ya kulithibitisha hili ni rahisi. Endesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwa muunganisho mmoja kwenda seva ya mbali, kisha uendeshe tena kwa kumi, iperf3 -P 10. Kumi zikijaza laini na mmoja ukabaki chini sana, upana upo. Kinachobana ni dirisha, au upotevu wa pakiti.

Upotevu ndio unaostahili kuzungumzwa zaidi ya yote. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majirani wasiofika nusu kilomita, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila kompyuta iliyokosa majibu ilituma tena, marudio yakajaza foleni, foleni ikatupa pakiti zaidi, nayo ikazaa marudio mengine. Van Jacobson alieleza dawa mwaka 1988, na hadi leo ndiyo moyo wa TCP: mtumaji ajiwekee dirisha la pili, la msongamano, analolipima mwenyewe. Huanza kidogo, siku hizi vipande 10, takriban baiti 14,600, na hulipanua maradufu kila safari hadi pakiti ipotee. Ikipotea, hulipunguza: njia ya zamani hulikata nusu, njia mpya ya CUBIC inayotumika kwenye Linux hulipunguza kwa asilimia 30, kisha hupanda tena polepole.

Kwa hiyo TCP hutafsiri kila pakiti iliyopotea kuwa ni msongamano, hata kama kilichoipoteza ni kiunganishi cha faiba chenye vumbi, waya uliopinda au redio ya mnara iliyolegea. Fomula iliyochapishwa mwaka 1997 na Matthew Mathis na wenzake inakadiria kasi ya juu kwa njia ya zamani: ukubwa wa kipande gawanya kwa muda wa safari, zidisha kwa 1.22, gawanya kwa kipeuo cha pili cha upotevu. Weka baiti 1,460, milisekunde 150 na upotevu wa asilimia 1. Jibu ni megabiti 0.95. Asilimia 1 inasikika ndogo, na wapo watoa huduma wanaoitaja bila wasiwasi. Kwa muunganisho mmoja kwenda Ulaya inaiua laini ya megabiti 100. Punguza upotevu hadi asilimia 0.01 na kikomo kinapanda hadi megabiti 9.5. Au acha upotevu ulivyo na ulete seva karibu, milisekunde 10: unapata zaidi ya megabiti 14. Ndiyo faida halisi ya vituo vya kubadilishana data kama TIX ya Dar es Salaam na KIXP ya Nairobi. Mfumo wa shule unaotumiwa na wanafunzi wa Mwanza hauna sababu ya kukaa Ulaya. Kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, data iliyohamishiwa njia zilizobaki ilibanwa kwa namna mbili kwa pamoja, safari ndefu na foleni zilizojaa, na TCP ikapunguza mwendo kama ilivyoagizwa.

Kuna foleni za aina nyingine, zisizotupa kitu. Ruta ya bei nafuu yenye bafa kubwa hushikilia pakiti kwa mamia ya milisekunde mtu mmoja anapopakia video, na ofisi nzima inahisi intaneti imekufa ingawa hakuna pakiti iliyopotea. Piga ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, wakati upakiaji unaendelea. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 600, washa fq_codel, kanuni ya kupanga foleni, kwenye ruta na uwekee kikomo cha asilimia 90 hivi ya kasi halisi ya laini ili foleni ijengeke kwako unakoweza kuitawala.

Kosa linalowapotezea mafundi muda kuliko mengine linahusu ukubwa wa kipande. Ethaneti, mtandao wa waya wa ofisini, hubeba baiti 1,500 kwa pakiti. Ukitoa 20 za IPv4 na 20 za TCP zinabaki 1,460, nazo ndizo hutangazwa ndani ya SYN kwa jina la MSS. Weka katikati laini ya PPPoE, njia ya kumwunganisha mteja na mtoa huduma, inayokula baiti 8 na kubakiza 1,492, au VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, kwa kawaida huachiwa 1,420. Pakiti ya 1,500 haipiti tena. Ruta inayoikataa inatakiwa kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za hitilafu za mtandao, wa aina ya 3, msimbo wa 4, wenye ukubwa unaokubalika. Lakini msimamizi wa upande wa pili amezuia ICMP yote akiamini anajilinda. Ujumbe haufiki, seva inarudia kipande kilekile, kinatupwa tena na tena.

Dalili zake zinachanganya kwa sababu kila kitu kidogo kinafanya kazi. Ping inajibu. Muunganisho unafunguka. Ombi linafika. Jibu lenye ukurasa mzima ndilo linaloganda. Barua pepe fupi inakwenda, yenye kiambatisho inakwama. Fundi anaingia kwenye seva vizuri, akiorodhesha folda yenye mafaili mengi skrini inasimama. Jaribu ping -M do -s 1472 kwenye Linux, au ping -f -l 1472 kwenye Windows, ambapo 1,472 na kichwa cha ICMP cha baiti 8 na cha IP cha 20 hutimiza 1,500. Isipopita, shusha namba hadi ipite. Ikipita kwenye 1,464, una PPPoE. Tiba ni kuruhusu ICMP ya aina ya 3 ipite, na kwenye ruta kuishusha MSS inayotangazwa iwe 1,452 kwa PPPoE au 1,380 kwa WireGuard. Kuzuia ICMP yote hakumzuii mvamizi yeyote mwenye nia, na tunasikitika kuona bado kunafundishwa kama hatua ya usalama.

Upo pia muunganisho unaokufa bila kuzikwa. Mashine ya malipo ya dukani hufungua TCP asubuhi na kuiacha ikingoja mteja. Kifaa kinachotafsiri anwani njiani kinasahau muunganisho uliokaa kimya, wakati mwingine baada ya dakika chache tu. Uchunguzi wa uhai wa TCP kwenye Linux huanza baada ya sekunde 7,200, tena kama programu imeuomba. Mteja anapokuja, mashine inatuma data kwenye njia iliyokwisha kusahauliwa, na mfumo unaweza kurudia mara 15, karibu dakika 15 nzima, kabla ya kukiri kwamba umeshindwa. Muuzaji anazima na kuwasha. Programu ingeomba uchunguzi kila sekunde 60 tatizo lisingekuwepo.

Baadhi ya mapungufu haya ndiyo yaliyozaa QUIC, iliyoanzia Google mwaka 2012 na kuwa kiwango rasmi, RFC 9000, Mei 2021. Imejengwa juu ya UDP, itifaki ya mwaka 1980 yenye kichwa cha baiti 8 tu isiyohakikisha ufikaji wala mpangilio. QUIC inayaongeza hayo yenyewe na kurekebisha mengine. Utambulisho wa muunganisho ni namba maalumu, haufungwi tena kwenye anwani na poti, hivyo simu ikitoka kwenye waifai ya nyumbani ikaingia data ya mnara, upakuaji unaweza kuendelea ulipoishia. Usimbaji unakubaliwa ndani ya safari ileile ya kufungua. Pakiti iliyopotea husimamisha mkondo wake tu, mikondo mingine ya ukurasa inaendelea. Namba ya pakiti haitumiki mara mbili kamwe. Data ikitumwa upya hupewa namba mpya, kwa hiyo kipimo cha muda wa safari hakichanganyikiwi na marudio. Na karibu kichwa chote kimesimbwa, vifaa vya njiani visiweze kufuta nyongeza kama vinavyofanya kwa TCP. Ofisi nyingi zimefunga UDP poti 443. Vivinjari hurudi TCP bila kusema, na watumiaji hukosa faida hizi pasipo kujua.

Kwa haya, tunaiomba meza yako ya teknolojia, inapoandika habari za kifurushi kipya, iwaulize watoa huduma upotevu wa pakiti na muda wa safari hadi TIX, hadi KIXP na hadi Ulaya, vikipimwa jioni watumiaji wanapokuwa wengi. Na wanaoandika zabuni za intaneti za shule na hospitali waweke namba hizo ndani ya mkataba pamoja na megabiti: upotevu usiozidi asilimia 0.1, pakiti ya baiti 1,500 ipite nzima au ukubwa halisi utajwe, ICMP ya aina ya 3 isizuiwe. Fundi mwenye kompyuta moja na iperf3 anaweza kuvikagua vyote siku ya makabidhiano, kabla hundi haijasainiwa.

Mafundi na wakufunzi wa mitandao ya kompyuta,
Dar es Salaam